Jaji Coke na vitabu vyake

Mwaka 1620 Francis Bacon, aliyekuwa Chansela wa Uingereza, alichapisha kitabu chake cha Kilatini, Novum Organum, na nakala moja akampelekea mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 25 walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ukurasa wa mbele una picha ya merikebu iliyotweka matanga, inapita katikati ya nguzo mbili kuelekea bahari kuu. Maana yake haijifichi: elimu mpya inavuka mipaka ya kale. Aliyeletewa zawadi alichukua kalamu, akaandika kwamba kitabu amepewa na mtunzi mwenyewe, kisha akamwekea mtunzi huyo ushauri wa Kilatini: unajiandaa kuyajenga upya mafundisho ya wahenga, basi anza kwanza na sheria na haki. Hakutosheka. Juu ya merikebu akaongeza mistari miwili ya Kiingereza yenye vina, kwamba kitabu hiki hakistahili kusomwa shuleni, kinastahili kupakiwa kwenye jahazi la wapumbavu.

Nakala hiyo ingalipo, katika jumba la Holkham, mkoani Norfolk, pamoja na vitabu vingine vingi vya mtu yule yule. Miezi michache baada ya zawadi ile, Bunge lilimshtaki Bacon kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wenye kesi mbele yake. Alikiri, akavuliwa cheo. Miongoni mwa wabunge waliokuwa mstari wa mbele kumchimba alikuwemo mpokea zawadi.

Huyo ni Edward Coke (hutamkwa "Kuk", usije ukafikiria soda). Alizaliwa tarehe 1 Februari 1552 katika kijiji cha Mileham, Norfolk. Baba yake alikuwa mwanasheria na alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Alisoma Norwich, kisha Trinity College ya Cambridge, halafu akaingia Inner Temple, mojawapo ya zile nyumba za London ambamo wanasheria walikuwa wakiishi, wakila na kufundishana kazi pamoja. Akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1578, na tangu hapo vyeo vikafuatana: Wakili Mkuu wa Serikali 1592, Spika 1593, Mwanasheria Mkuu 1594 (kiti ambacho Bacon alikuwa amekitolea macho), Jaji Mkuu wa mahakama ya Common Pleas 1606, Jaji Mkuu wa mahakama ya King's Bench 1613. Mwaka 1616 mfalme akamfukuza. Akarudi kama mbunge, akaswekwa kwenye gereza la Tower kwa miezi kadhaa kati ya 1621 na 1622, akatoka, na mwaka 1628, mzee wa miaka 76, akawa mmoja wa walioandaa Ombi la Haki, hati iliyomkataza mfalme kutoza watu fedha bila Bunge na kuwafunga bila kueleza sababu.

Wanaosimulia maisha haya hupenda kumfanya shujaa, jaji aliyemwambia mfalme hapana. Si uongo, lakini ukiishia hapo hutaelewa ni nini hasa kilichompa jeuri hiyo. Hakuwa na jeshi, na hakuwa na katiba iliyoandikwa ya kunyooshea kidole. Alichokuwa nacho ni vitabu, na ujuzi wa kujua ukurasa.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi tuseme kidogo juu ya sheria yenyewe. Ile Waingereza wanayoiita komoni loo haikuwa imetungwa na mtu wala kuandikwa mahali pamoja. Ilizaliwa mahakamani, kesi hadi kesi, kwa karne nyingi. Jaji hakutakiwa kubuni. Alitakiwa kuonyesha kwamba jambo kama hili liliwahi kuja mbele ya majaji wa zamani, na wao waliamua hivi. Wanasheria wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wanaujua mchezo huu kwa sababu tumeurithi. Kenya bado ina sheria inayosema kwamba kiini cha komoni loo kinatumika kama kilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Kwa Tanganyika tarehe iliyowekwa ni 22 Julai 1920. Wakili anayesimama leo na kusema "Mheshimiwa Jaji, naomba nikurejeshe kwenye kesi ya fulani dhidi ya fulani" anafanya kazi ile ile ya Coke, ila yeye anaikuta kesi hiyo kwa kubofya simu.

Zamani hizo ilikuwa shughuli nyingine. Uamuzi wa karne ya kumi na nne uliandikwa na wanagenzi waliokaa mahakamani wakinakili mabishano ya mawakili, mara nyingi bila hata kutaja kesi iliishaje. Vitabu hivyo, vinavyoitwa vya mwaka kwa mwaka, viliendelea hadi 1535, kisha vikakatika. Lugha yake ilikuwa Kifaransa cha mahakamani, mabaki ya lugha ya Wanormani, wale watawala waliotoka Ufaransa, yaliyochanganywa na Kiingereza hadi Mfaransa wa Paris asingeambulia kitu. Kumbukumbu rasmi za mahakama zilikuwa kwa Kilatini, juu ya ngozi zilizokunjwa, zimehifadhiwa huku na huko. Sheria yote ya nchi, basi, ilikuwa imetawanyika katika makaratasi na ngozi ambazo watu wachache waliweza kuzisoma, na wachache zaidi walijua zilipo. Mwenye maktaba nzuri na kumbukumbu nzuri alikuwa, kwa vitendo, ndiye mwenye sheria.

Coke alikuwa na vyote viwili. Orodha ya vitabu vyake, iliyoandikwa uzeeni mwake na ambayo nayo imehifadhiwa Holkham, ilichapishwa mwaka 1950. Ina vitabu na miswada 1,227. Kwa mtu binafsi wa wakati ule ni mali kubwa. Na kinachonivutia ni mpangilio wake: vitabu vya dini vinatangulia, vya sheria vinafuata, ndipo historia na mengineyo. Kwa Coke sheria ya Uingereza ilikuwa na asili yake katika sheria ya Mungu, kwa hiyo kuiweka nafasi ya pili hakukuwa kuishusha.

Ukiendelea kuteremka orodha unakuta mambo ambayo hukuyatarajia kwa mtu aliyejulikana kama mkavu wa sheria: Wagiriki na Warumi, vitabu vya tiba, na vitabu vya Kiitalia. Vya Kiitalia vina hadithi yake. Mke wa kwanza wa Coke, Bridget Paston, alifariki mwaka 1598. Mwaka huohuo, kwa haraka iliyowashangaza watu, akamwoa Elizabeth Hatton, mjane kijana na tajiri aliyekuwa akiposwa pia na Bacon. Marehemu mume wa Elizabeth alikuwa mrithi wa Christopher Hatton, Chansela wa Malkia Elizabeth I, na baadhi ya vitabu vya Hatton viliingia katika maktaba ya Coke kwa njia ya ndoa. Ndoa yenyewe ilikuwa vita tangu mwanzo, lakini vitabu vilikaa kwa amani.

Kitabu kimoja kilikuwa karibu naye kuliko vyote. Katika karne ya kumi na tano jaji Thomas Littleton aliandika kijitabu cha Kifaransa cha mahakamani kuhusu umiliki wa ardhi, na kila mwanafunzi wa sheria alikihifadhi. Nakala ya Coke, iliyopo leo katika Maktaba ya Uingereza, iliongezewa karatasi nyeupe kati ya kurasa ili apate nafasi ya kuandika. Akaandika hasa: kesi alizozisikia, rejea za vitabu vingine, hata mambo ya maisha yake mwenyewe. Mwaka 1628 maelezo yaliyokuwa yamerundikana kwa miaka hiyo yote yakatoka kama kitabu, sehemu ya kwanza ya kile alichokiita Institutes. Fungua ukurasa wowote: maneno ya Littleton ya Kifaransa yamesimama safu moja, tafsiri ya Kiingereza pembeni yake, na maelezo ya Coke yanavizunguka vyote viwili kama maji yanavyozunguka kisiwa, huku pambizoni kukiwa na msururu wa rejea. Waliosoma vitabu vya fiqhi chuoni hawatashangaa: matini katikati, sharhe inaifuata, hashiya pembeni. Tofauti ni kwamba hapa mshereheshaji anakatiza mada apendavyo. Anaeleza urithi wa ardhi, mara yuko kwenye asili ya neno, mara anampa mwanafunzi ratiba ya siku: saa sita za kulala, sita za sheria, nne za sala, mbili za kula. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikisoma kitabu hiki akiwa kijana mwaka 1762 na kumwandikia rafiki yake kwamba natamani shetani amchukue mzee Coke, maana sijawahi kuchoshwa hivi na mzee mchoshi kama huyu. Baadaye alikisifia sana. Wengi hupita njia hiyo.

Sasa twende kwa mfalme. Mnamo Novemba 1608 James I aliwaita majaji kwa sababu ya ugomvi kati yao na mahakama za kanisa. Askofu Mkuu alikuwa amemwambia mfalme kwamba majaji ni wawakilishi wake tu, hivyo akitaka anaweza kuichukua kesi na kuiamua mwenyewe. Kwa maelezo ya Coke, mfalme alisema sheria imejengwa juu ya akili, na akili anayo yeye kama walivyo nayo majaji. Coke akajibu kwamba ni kweli Mungu amemjalia Mfalme akili nyingi, ila kesi za uhai, urithi na mali za watu haziamuliwi kwa akili ya kuzaliwa. Zinaamuliwa kwa akili ya kujifunza, ambayo mtu huipata kwa kusoma na kuzoea muda mrefu. Mfalme akawaka: kumbe mimi niko chini ya sheria? Huo ni uhaini! Coke akamtolea maneno ya Bracton, mwanasheria wa karne ya kumi na tatu: mfalme hapaswi kuwa chini ya mtu yeyote, bali chini ya Mungu na sheria.

Ni simulizi tamu, lakini imeandikwa na Coke mwenyewe. Barua ya mtu mwingine wa wakati ule inaeleza kwamba mfalme alipandwa na ghadhabu, akakunja ngumi kama anayetaka kupiga, na Coke akaanguka chini kwa mikono na magoti akiomba msamaha. Mimi naziamini zote mbili. Mtu anaweza kusema neno zito na bado akapiga magoti dakika inayofuata. Na tuiangalie hoja yenyewe vizuri. Coke hakusema watu wote wana haki ya kumhoji mfalme. Alisema kuna kundi la watu waliosoma vitabu fulani, na mfalme hayumo. Ni hoja ya mwenye maktaba.

Pia hakuwa malaika. Akiwa Mwanasheria Mkuu aliendesha mashtaka ya uhaini dhidi ya Walter Raleigh, baharia na mwandishi mashuhuri, mjini Winchester, mwaka 1603. Raleigh aliomba shahidi aliyemtaja aletwe wakabiliane uso kwa uso, hakuletwa. Coke alimwita nyoka, na kisha akatumia lile neno la Kiingereza cha zamani la kumwambia "wewe" mtu wa chini, akisisitiza kabisa kwamba nakuita "wewe", ewe haini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hapa. Anajua jinsi "wewe" inavyoweza kuuma kuliko tusi.

Halafu kuna mlango. Mwaka 1604, katika kesi ya Semayne, Coke aliandika maneno ambayo dunia nzima inayarudia: nyumba ya kila mtu ni ngome yake. Mwaka 1617, akiwa amefukuzwa kazi na anatafuta njia ya kurudi kwa mfalme, aliamua kumwoza binti yake Frances kwa John Villiers, kaka wa kipenzi cha mfalme. Mke wake akapinga, akamficha binti katika nyumba karibu na Oatlands. Coke akafika na mwanawe na watu wenye silaha, wakavunja milango, wakamchukua. Ndoa ilifungwa Septemba mwaka huo mbele ya mfalme. Frances baadaye alimkimbia mume huyo.

Hata katika usomaji wake alikuwa na upofu. Alipata nakala ya kitabu cha zamani kiitwacho Mirror of Justices, akaamini kinaonyesha sheria za Uingereza zilivyokuwa kabla ya Wanormani kuja mwaka 1066, na akakitumia kama ushahidi. Wanahistoria leo wanakiona kimejaa mambo ya kubuni. Kwa Coke, ukongwe wa karatasi ulitosha kuwa nusu ya ukweli. Aliisoma Magna Carta, mapatano ya mabwana wa ardhi na mfalme, kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya kila Mwingereza. Kihistoria alivuta kamba. Kisiasa, kamba hiyo ndiyo iliyoshika.

Sisi tunaosoma kutoka nchi zilizotawaliwa tuna sababu nyingine ya kumsoma kwa jicho la pembeni. Katika kesi ya Calvin ya 1608, iliyohusu haki za mtoto aliyezaliwa Scotland, Coke aliongeza kwamba mfalme Mkristo akiiteka nchi ya makafiri, sheria za nchi hiyo zinafutika papo hapo kwa kuwa zinapingana na Ukristo. Mwaka 1774 jaji mwingine Mwingereza, Lord Mansfield, aliyakataa maneno hayo na kuyaita ya kipuuzi. Lakini yalikaa vitabuni zaidi ya miaka 160, na kwa mujibu wa Coke mwenyewe, kilichomo vitabuni kina nguvu.

Hilo mfalme alilijua. Kuanzia 1600 hadi 1615 Coke alichapisha juzuu 11 za ripoti za kesi, na wanasheria walizitegemea hata wakaziita "Ripoti" tu, bila kutaja jina. Mwaka 1616 James alimwamuru azipitie na kuondoa makosa na mambo mapya yanayopunguza mamlaka ya mfalme. Coke akaenda nyumbani, akakaa na vitabu vyake, akarudi na majibu: nimepata makosa matano. Yalikuwa madogo madogo, hayagusi kitu. Sijui kama kuna jibu la adabu lenye kiburi zaidi ya hilo. Mwezi Novemba akaondolewa ujaji.

Kuna kipindi kimoja kinachoonyesha kila kitu kwa pamoja. Mwaka 1628 Bunge lilikuwa likibishana: je, mtu aliyefungwa kwa amri ya mfalme bila kutajiwa kosa anaweza kupata dhamana? Coke alisema ndiyo. Mawakili wa serikali wakafukua uamuzi wake mwenyewe wa siku za ujaji, aliposema hapana. Mzee akasimama akakiri. Wakati ule, alisema, nilimfuata Stanford (mwanasheria William Staunford, aliyeandika kuhusu makosa ya jinai katikati ya karne iliyotangulia). Lakini nilipoona wabunge wanachukuliwa, na mimi mwenyewe nilipokuwa sipo mbali na gereza, nilirudi kwenye kitabu changu, sikutulia mpaka niridhike. Kiongozi wangu alikuwa amenipoteza. Sasa nina viongozi bora zaidi.

Ndivyo komoni loo inavyobadilika huku ikiapa kwamba haijabadilika. Jaji hasemi "nimebadili mawazo". Anasema "nimesoma zaidi". Katika Bunge hilohilo Coke alisema Magna Carta ni jamaa asiyekubali kuwa na mfalme juu yake. Charles I, mwana wa James, aliridhia Ombi la Haki shingo upande, na mwaka uliofuata akalivunja Bunge. Miaka 11 ikapita bila kuitisha lingine.

Coke alistaafu nyumbani kwake Stoke Poges, magharibi mwa London, akiendelea kuandika. Mwaka 1631 Charles alisikia kwamba mzee anaumwa, na akaagiza makaratasi yake yashikwe akifa, kwa kuwa watu wanamwona kama mtabiri na maneno yake yanaweza kuwapotosha. Septemba 1634, wakati Coke yuko kitandani anakata roho, Francis Windebank, waziri wa mfalme, alifika na amri ya kupekua nyumba. Alichukua miswada, pamoja na wosia. Vyumba vya Coke vya Inner Temple navyo vilipekuliwa. Vitabu vya kuchapwa vilibaki kwa familia, na ndivyo vilivyofika Holkham kwa wajukuu. Kilichotakiwa ni maandishi ya mkono, hasa maelezo yake juu ya Magna Carta, ambayo hayakuwa yamechapishwa. Coke alikufa tarehe 3 mwezi huo akiwa na miaka 82, akazikwa Tittleshall, Norfolk.

Makaratasi yalikaa mikononi mwa serikali hadi Charles alipoishiwa fedha na kulazimika kuitisha Bunge tena. Wabunge wakadai yarudishwe kwa mrithi. Tarehe 12 Mei 1641, siku ambayo mshauri mkuu wa mfalme, Earl wa Strafford, alikatwa kichwa mbele ya umati nje ya Tower, Bunge la Makabwela liliagiza sehemu ya pili ya Institutes, yenye ufafanuzi wa Magna Carta, ipelekwe kwa mpiga chapa. Ilitoka mwaka 1642. Agosti mwaka huo mfalme alisimika bendera yake ya vita dhidi ya Bunge mjini Nottingham.